Nungwi: Mwembe Unapogeuka Ngalawa

Ndugu msomaji, je, umepata kuona mti mmoja ukilisha nyumba moja mara mbili, kwanza kwa maembe, kisha kwa samaki? Twende pamoja Nungwi.

Nungwi iko kwenye ncha ya kaskazini ya kisiwa cha Unguja. Siku hizi pana hoteli nyingi za watalii. Lakini pwani hiyo hiyo, chini ya vivuli vya makuti, mafundi bado wanaunda majahazi na ngalawa. Utasikia mlio wa tezo kabla hujamwona fundi.

Nilimkuta mzee mmoja akichonga ngalawa. Nikamwamkia na kujitambulisha. "Marahaba, Bwana Shamba," akaitikia. "Kaa hapa kivulini. Gogo nalo halipendi jua."

Gogo lilikuwa la mwembe. Mwenyewe, kijana mvuvi, alikaa karibu akitazama. Mwembe huo ulipandwa na marehemu babu yake. Ulikuwa umezeeka, hauzai tena. Sasa ndio uliokuwa mtaji wake wote.

Kwanza fundi huchonga nje kwa shoka ili apate umbo. Mbele huwa pembamba, papasue maji. Kisha gogo hugeuzwa, naye hufukua ndani. Shoka hutoa vipande vikubwa. Tezo hufuata, ikitoa vipande vidogo. Kazi hii hufanywa mti ungali mbichi, maana ni laini. Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi.

Hapa ndipo penye hatari. Mzee aliweka mkono mmoja ndani na mwingine nje, kama mnunuzi apimaye unene wa kitambaa. Akachonga kidogo, akapima tena. Akagonga kwa vidole na kusikiliza.

"Chini paache pawe panene," aliniambia, "maana chombo huburutwa mchangani. Ubavuni punguza, kiwe chepesi. Lakini tezo ikishapita, huwezi kuurudisha mti."

Kijana alikuwa kimya. Macho yake hayakutoka kwenye tezo.

Gogo likishachongwa huachwa kivulini likauke polepole. Likikaushwa kwa jua kali hupasuka, na kazi yote ikapotea.

Ngalawa ni nyembamba. Peke yake hupinduka upesi. Kwa hiyo hufungwa miti miwili ya kukingama, na kila upande hutiwa ubao uitwao tengo. Matengo huwekwa kwa mshazari. Chombo kikienda kwa tanga, tengo halizami, bali hupanda juu ya maji.

Ndugu msomaji, hata kama hukai pwani, somo hili ni lako. Ukichonga kinu au mtumbwi, pima mara nyingi kabla ya kukata, na ukaushe kivulini.

Na jambo jingine. Kabla sijaondoka nilimwuliza yule kijana kama amepanda mwembe mwingine. Akatazama chini. Alikuwa bado.

Mwembe wa kokwa huchukua miaka 5 hadi 8 hivi kuanza kuzaa, na miaka mingi zaidi kunenepa hata utoe ngalawa. Ukikata mmoja, panda miwili mvua zikianza. Babu alipanda, mjukuu anavua. Je, mjukuu wako atavulia nini?