Kompyuta ilinizingua, kinanda cha kukanyaga kikanipoza!

WAPO watakaoshangaa wakisikia kijana wa mjini, mwenye simu ya kisasa na kompyuta mpakato, kila Jumamosi anakwenda kanisani kukanyaga kinanda cha enzi za mababu. Wacha washangae. Sababu ninayo.

Mimi nilikuwa mshabiki namba moja wa teknolojia. Muziki wangu wote niliutengenezea kwenye kompyuta. Ngoma humo, besi humo, hata sauti ya marehemu shangazi yangu akiimba nyimbo za harusi niliirekodi humo humo. Mara wenye programu ile wakaamua kwamba kununua mara moja hakutoshi, sasa ni kulipa kila mwezi. Usipolipa, kazi zako unabaki kuzitazama majina tu, hazifunguki ng'o! Jamani, nilipe kodi ya chumba, halafu nilipe na kodi ya sauti ya shangazi?

Hapo ndipo nilipokikimbilia kinanda. Wenyewe wanakiita hamoniamu. Mfaransa Alexandre Debain alikipatia hataza mjini Paris mwaka 1842, na huku kwetu wamisionari walikuja nacho makanisani. Usikichanganye na piano, maana ndani hakina nyuzi. Unakanyaga pedali mbili kwa zamu, upepo unajaa kwenye mivukuto, na ukibonyeza kibao upepo unapita kwenye kijilimi chembamba cha shaba, kinatetemeka, kinalia. Basi! Hakuna neno la siri, hakuna kusubiri bando.

Anayenifundisha ni mzee mmoja wa kwaya. "Mwanangu, hiki hakikimbizwi," huniambia. "Pumua nacho." Na kweli bwana, ukizidisha upepo sauti inavimba, ukilegeza mguu inanong'ona. Saa nzima inapita sijagusa simu, wala sijaikumbuka.

Nisikudanganye, msomaji wangu, kinanda nacho kina kasheshe zake. Panya wanaipenda ngozi ya mivukuto, unyevunyevu unavimbisha mbao, na chetu kina kibao kimoja kikishalia hakitaki kunyamaza. Lakini kikigoma, mzee anachukua bisibisi, anafungua, anapangusa vumbi kwenye kijilimi, tunaendelea. Ile programu ningeifungua kwa bisibisi gani?

Siku hizi najifunza vipande vifupi vya Bach, vile alivyovinakili mwaka 1723 kwa ajili ya wanaojifunza. Karne tatu zimepita na havijaniomba nilipie toleo jipya! Nikichoka navyo, nautafuta wimbo mmoja wa shangazi, kibao kimoja kimoja, kwa jinsi ninavyoukumbuka. Sauti yake siwezi kuirudisha, hilo linaniuma mpaka leo. Wimbo wake lakini nimeshaupata karibu wote, na huo hakuna wa kunifungia.

Sisemi mtupe simu zenu, la hasha. Hata makala hii nimeiandika kwa kompyuta. Ninachosema ni kwamba kitu unachokipenda sana usikiache chote mikononi mwa mtu anayeweza kukufungia mlango. Kama kanisa lenu lina kinanda kilichofunikwa kitambaa huko stoo, kaombe ufunguo. Siku umeme ukikatika, wenzako wote kimya, wewe utakuwa unapiga!