Kivuli cha Maporomoko

Kutia kivuli nimefundishwa na mchongaji nisiyemjua hata jina. Speke, yule aliyefika Mwanza mwaka 1858, alitoa kitabu mwaka 1863, na ndani yake imo picha ya maporomoko ya Ripon, pale Jinja, Nile inapoliacha ziwa letu. Nilipata fotokopi yake, nikainakili kwa kalamu ya wino.

Kazi iko hapa, ndugu msomaji. Mwenzetu alichonga ubao: alipokata, wino haukushika, pakabaki peupe. Yeye alichonga mwanga. Mimi na kalamu naweka giza. Kwa hiyo povu huligusi kabisa, unalizungushia mistari tu. Mistari ya upande mmoja inatoa kijivu. Ikatize na mingine, jiwe linakuwa zito. Ukizidisha, jamani, ni tope.

Maporomoko yenyewe yalizama mwaka 1954, bwawa la Owen Falls lilipojengwa, kwa hiyo pa kwenda kulinganisha hapapo. Nikaenda Jiwe la Bismarck, saa tano asubuhi, na mistari ileile. Wapi! Upande wa juani jeupe pe, upande wa pili jeusi ti, kijivu kidogo mno katikati. Nusu ya mistari ya kitabuni nikaiacha.