Nakala Moja Haitoshi

Je, ghala la kijiji chenu lina ufunguo? Ni nani anayeutunza? Mtu huyo anaweza kufungua na kufunga. Anaweza pia kuleta hasara. Leo nataka kukueleza juu ya siku niliyoshika ufunguo kama huo.

Nilikuwa mwanafunzi wa chuo. Tulipewa kazi za vitendo kwa vikundi. Kikundi chetu kilipewa kompyuta kuukuu. Kazi yetu ilikuwa kuiwekea Linux, kisha kuisimamia ili wanafunzi wote waitumie.

Linux ni nini? Kompyuta bila programu ni kama jembe lisilo na mpini. Linux ni programu inayoongoza kazi zote za kompyuta. Ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa chuo kikuu huko Helsinki, Finland. Watu wa nchi nyingi wameiendeleza. Kila mtu ana ruhusa ya kuitumia, kuinakili na kuibadilisha. Kwa hiyo hata chuo chenye fedha kidogo kinaweza kuitumia.

Nilianza kazi jioni, peke yangu. Wenzangu walikuwa wamekwenda kula. Kompyuta iliniuliza: je, nifute diski yote, au niyaache yaliyomo? Nilikuwa na haraka. Sikusoma vizuri. Nikajibu: futa. Onyo likaja mara ya pili. Nikakubali tena.

Baadaye nikakumbuka. Ndani ya diski ile kulikuwa na kazi ya kikundi kingine. Walikuwa wameiandika kwa majuma matano. Waliniomba nisubiri mpaka waihamishe. Sasa yote ilikuwa imepotea.

Niliogopa sana. Ningeweza kusema kwamba diski imekufa yenyewe. Kompyuta ilikuwa kuukuu, na wote wangeniamini. Usiku ule sikulala. Asubuhi nilikwenda kwa wenzetu, nikawaambia ukweli. Mmoja alilia. Mwingine hakunisalimu mpaka mwisho wa muhula. Mwalimu aliuliza swali moja tu: "Nakala iko wapi?" Hakuna aliyejibu.

Nilikaa nao majuma mawili, tukaiandika upya. Haikurudi yote.

Tangu siku ile nafuata mambo matatu. Kwanza, nasoma swali lote kabla ya kujibu. Pili, situmii jina la msimamizi mkuu kwa kazi za kila siku. Katika Linux jina hilo ni root. Anayelitumia anaweza kufuta kila kitu. Mimi nalitumia kwa kazi inayolihitaji tu. Tatu, naweka nakala ya pili mahali pengine, mbali na kompyuta ile. Tena naifungua nione kama inasomeka.

Ndugu msomaji, huenda huna kompyuta. Lakini chama chenu cha kuweka na kukopa kina daftari. Mvua ikililowesha, au mchwa wakilila, mtajuaje nani ana akiba kiasi gani? Sasa unajua kuandika. Chukua kalamu. Andika nakala ya pili, uiweke katika nyumba nyingine. Na siku ukikosea, sema mapema. Kosa lililosemwa hupata watu wa kusaidia kulitengeneza.