Barua kutoka Oakland: Kijana Anayejilipia Kodi

Shangazi,

Nimefika California salama, kwa mwenyeji wangu Mwanahawa. Huko Tanga Julai ni kipupwe, mnajifunika shuka mbili. Huku mwezi huohuo ukungu unapanda kutoka baharini mpaka daraja la San Francisco linapotea, nami natembea na koti la sufu! Chumba kimoja na jiko huweza kufika dola 2,000 kwa mwezi. Kwa pesa hiyo pale Ngamiani ungepanga nyumba nzima mwaka mzima.

Jumanne tulikula taco: vichapati vya mahindi, nyama ya kuchoma, kitunguu kibichi, giligilani na ndimu ya kukamulia juu. Aliyetuhudumia ni kijana wa miaka 16. Alimwita Mwanahawa kwa jina tupu, ingawa ni rika la mama yake, lakini kwa upole kabisa. Tulipotoka Mwanahawa akaniambia kijana yule anaishi peke yake, na mahakama imeridhia.

Sikulala vizuri. Kesho yake nikamwomba anipeleke mahakama ya kaunti, ambako wanaeleza utaratibu huo kwa yeyote anayeuliza. Mtoto anaweza kuomba kuanzia miaka 14. Lazima awe tayari anaishi mbali na wazazi, nao wamekubali au wameacha iwe hivyo. Lazima pesa zake azisimamie mwenyewe, na zisitokane na uhalifu. Anaandika mapato na matumizi yake yote, na wazazi hupewa taarifa. Jaji akiona haitamfaa, anakataa.

Akikubaliwa, anasaini mkataba wa nyumba, anaridhia matibabu yake, anaweza hata kushtaki. Shule haachi. Kura hapigi mpaka 18, na pombe haruhusiwi mpaka 21. Wazazi nao hawadaiwi tena matunzo. Hapo ndipo moyo uliponishuka, Shangazi. Kwako mtoto akigombana na babake hukimbilia jikoni kwako, anakula ugali, jioni anarudishwa kwao.

Ijumaa tulirudi kula. Kijana alitoa kitambulisho chake: picha, jina, na maandishi kwamba anajitegemea kisheria. Kingo zilikuwa zimechakaa kwa kutolewa mfukoni mara kwa mara. Nilimuuliza akiugua nani anampikia. Akasema anajipikia supu.

Nilimhurumia, kisha nikawakumbuka mabinti wetu. Wanapandishwa basi kutoka Lushoto na Handeni kwenda Dar kuwa dada wa kazi, wengine wana miaka hiyohiyo 14. Sheria yetu ya kazi ya 2004 inamruhusu mtoto wa miaka 14 kazi nyepesi tu, isiyomdhuru wala kumzuia shule. Lakini binti kama huyo anaamka alfajiri, analala wa mwisho, na mshahara mara nyingi hupokelewa na aliyempeleka. Naye anaishi mbali na wazazi. Hakuna jaji aliyemuuliza kama amependa, wala karatasi inayosema pesa ni zake. Jamaa tunao wengi, lakini hilo la kumuuliza mtoto mwenyewe wenzetu wametushinda.

Shangazi, yule binti aliyeletwa kwa jirani yako mwaka jana, mwite siku moja mkiwa wawili tu. Muulize mshahara wake anaushika nani, na kama anataka kurudi shule. Akisema anataka, niandikie. Gharama za shule tutachanga mimi na Mwanahawa.