Kijana Niliyemnyamazisha

Mwaka mmoja dhoruba iliangusha migomba nyuma ya chuo chetu. Kijana mmoja akaniambia, "Maalim, upepo huu umeshuka kutoka juu, tazama migomba ilivyolala pande zote." Nikamkemea asijitie katika asiyoyajua. Akanyamaza.

Miaka ikapita, nikasoma habari za Profesa Tetsuya Fujita, Mjapani aliyezaliwa mwaka 1920. Mwaka 1945 alikwenda Hiroshima na Nagasaki, akachunguza jinsi mshindo wa bomu ulivyosukuma vitu pande zote. Mwaka 1953 akahamia Chuo Kikuu cha Chicago, Marekani. Na mwaka 1971 akatoa kipimo cha nguvu za vimbunga. Hata mwaka 1974, akiwa ndani ya ndege, aliona miti imelala vivyo hivyo.

Mwaka 1975 ndege ilianguka New York, wakafa watu zaidi ya 100. Fujita akasema kuwa upepo ulishuka kwa nguvu kutoka katika wingu, ukapiga ardhi na kutawanyika. Wataalamu wengi wakampinga. Mwaka 1978 akapima kwa rada, na upepo ule ukaonekana. Baadaye viwanja vikubwa vya ndege vikawekwa vyombo vya kuwaonya marubani. Alifariki mwaka 1998.

Nilimwita yule kijana, sasa baba wa watoto, nikamtaka radhi mbele ya wanafunzi wangu. Enyi walimu wenzangu, tusikate neno la mtoto kabla ya kwenda naye kuitazama migomba.