Aliye Mzito wa Mwendo Atangulie



Miaka michache iliyopita nilialikwa kukaa majuma matatu mjini Glasgow, katika nchi ya Scotland, pamoja na walimu wa mataifa mbalimbali. Jumamosi moja wenyeji wetu walitupeleka kutembea katika Rannoch Moor, nyanda ya juu yenye ukubwa upatao kilomita za mraba 130, ambamo jicho huona mawe, vidimbwi na majani ya rangi ya kahawia tu. Tulipanda garimoshi asubuhi, tukashuka Corrour, stesheni iliyo kwenye mwinuko wa mita 408, ambayo hakuna barabara ya umma inayoifikia. Garimoshi lilipoondoka, tulibaki na upepo.

Kiongozi wetu, mama wa makamo mwenye fimbo mkononi, alituhesabu: tulikuwa 9. Kisha akatueleza ardhi tuliyoikanyaga. Ni mimea iliyokufa bila kuoza sawasawa, kwa sababu ya maji na baridi, nayo imerundikana kwa maelfu ya miaka. Udongo wa jamaa hiyo umelala pia chini ya misitu ya majimaji ya Bonde la Kongo, katika nchi yetu. Wajenzi wa reli ile, iliyofunguliwa mwaka 1894, walikosa mahali pagumu pa kuiweka. Basi walitandaza matawi na mizizi, wakamwaga udongo na majivu, na mpaka leo reli imelala juu ya tandiko hilo.

Alitusimulia pia habari za wanaume 7 walioivuka nyanda hiyo kwa miguu mwezi wa Januari 1889, wakiichunguza njia ya reli hiyo. Giza na hali mbaya ya hewa viliwakuta njiani, wakatawanyika, wengine wakaishiwa nguvu. Mmoja alifuata uzio hadi akakutana na wachungaji wa kondoo, nao wakawaokoa wenzake. Hakuna aliyekufa. «Lakini sisi hatutatawanyika,» alisema yule mama.

Ndipo akavitazama viatu vyangu, akaniomba nitembee nyuma yake moja kwa moja, mbele ya wengine wote. Aliye mzito wa mwendo, alisema, ndiye apimaye mwendo wa kundi. Niliona haya, kisha hasira. Mimi, mwana wa milima ya Kivu, niliyeshika chaki miaka 30, niwekwe mbele kama mtoto! Nikajifanya sikuelewa Kiingereza chake, nikabaki nyuma.

Haikupita saa moja, nilitia mguu penye majani mabichi ya kupendeza, nikazama kupita goti. Wenzangu wawili walinivuta. Goti lilikuwa limeumia. Kiongozi alitazama saa yake. Kwa mwendo wangu tusingefika stesheni ya Rannoch kabla ya garimoshi la jioni, na magarimoshi ya huko ni machache kwa siku. Niliwasihi waendelee, mimi nirudi polepole peke yangu. Akajibu: «Tumetoka 9, tutarudi 9.» Kundi zima likageuka. Mwalimu mmoja kijana, aliyeingoja siku hiyo kwa hamu, alishusha pumzi. Kisha akauchukua mfuko wangu.

Safari hii nilitembea mbele, na mbele yangu nilimwona mtoto mmoja wa zamani. Katika mwaka wangu wa pili wa kufundisha niliwapeleka wanafunzi kutazama maporomoko ya maji. Mmoja wao alichechemea, akatuchelewesha. Nilimwambia: «Keti chini ya mti huu, tutakuchukua tukirudi.» Tulirudi kwa njia nyingine iliyo fupi, wala sikuwahesabu. Mama yake alimkuta usiku, angali ameketi palepale, kwa kuwa mwalimu alimwambia angoje. Nilimwomba mama msamaha. Mtoto sikumwomba, siku zile nilidhani mwalimu hamwombi mtoto msamaha.

Niliporudi nyumbani kutoka Scotland nilimtafuta. Sasa ni baba wa watoto wanne. Nilimwambia niliyopaswa kumwambia miaka mingi iliyopita. Alicheka, akasema amekwisha kusahau. Tulipoagana mlangoni, akaniambia kwamba mti ule umekatwa.

Vijana wangu, ninyi mna matembezi yenu, kwaya zenu, mikutano yenu. Katika kila kundi yupo anayechechemea, naye mara nyingi ndiye wa kwanza kusema: «Endeleeni tu.» Msimwamini upesi. Mwekeni mbele, hata akikasirika kama nilivyokasirika mimi. Na mkirudi, hesabuni tena kabla hamjaagana.