Kinga Isiyokinga

Kiswahili kina neno lenye ahadi kubwa: kingamwili. Ukilisikia mara ya kwanza unaona ngao. Mama yangu, mwalimu mstaafu wa Kiswahili, alilisikia nikimweleza ripoti yake ya maabara, akalikata vipande viwili kama alivyokuwa akifundisha darasa la sita. "Kinga. Mwili. Sasa mbona mimi haikunikinga?"

Kwa sababu hii ya maabara haikingi mtu, mama. Inaonyesha tu.

Kipande cha uvimbe wa titi lake kilikatwa kikawa chembamba kuliko karatasi, kikalazwa juu ya kioo, kikatiwa kingamwili inayotambua kitu kimoja: HER2, protini inayokaa kwenye utando wa seli na kusaidia kupitisha ndani amri ya kukua. Sote tunayo kiasi. Ila baadhi ya saratani za matiti huitengeneza kupita kiasi, na seli hazikomi kuambiwa kueni, kueni. Kingamwili ikiikuta, inang'ang'ania. Kemikali nyingine zikifuatia, mahali hapo panageuka kahawia. Daktari anatazama kwa hadubini na kutoa alama: 0, 1+, 2+ au 3+.

Nilipomwambia kwamba nyingi kati ya kingamwili hizi asili yake ni sungura au panya, alicheka. "Kumbe Sungura bado anawaumbua wakubwa!"

Mimi, mwandishi wa habari, nilivutiwa na jambo jingine. Shahidi huyu haaminiwi hivihivi. Maabara humpima kwanza kwa kipande ambacho jibu lake linajulikana. Akikosea hapo, ushahidi wake haupokelewi. Nimepita vyumba vya habari visivyo na utaratibu huo.

Mama alipata 3+. Alama hiyo ina sura mbili. Saratani ya aina hii, ikiachwa, huwa na kasi. Lakini ina dawa yake, trastuzumabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998, nayo pia ni kingamwili: inaishika protini ileile, safari hii ndani ya mwili wa mgonjwa, na kuizuia kuamrisha. Hapo ndipo neno linapoanza kulipa deni lake.

Dripu ni kila wiki 3, mwaka mzima. Tumeshapiga hesabu, tukaigawa kwa ndugu wanne. Bima ikikubali sehemu, tutapumua. Mama yeye ameuliza swali moja tu: kama ataweza kusahihisha madaftari ya wajukuu akiwa na sindano mkononi. Nimemwambia aombe ichomwe mkono wa kushoto.